Laptopu ya Misibani

"Simu za kuchaji zinapokelewa dirisha la nyuma," alisema Zubery bila kuinua macho. Watu wenye matope miguuni wanaoingia dukani kwake asubuhi ya mvua huwa wanafuata umeme, hawafuati bidhaa, na yeye alikwisha kuzoea hivyo.

Asajile akageuka kuelekea dirisha la nyuma. Ndivyo alivyo Asajile: mtu wa mjini akimwambia pita huku, anapita. Mkewe Tusekile akamshika shati.

"Hatuna simu ya kuchaji," alisema. "Tumekuja kununua laptopu."

Hapo Zubery akainua macho, na aibu ikamwingia kweli. Alikuwa mfanyabiashara wa miaka mingi pale Kyela mjini, mjukuu wa watu wa pwani waliokuja na mizigo ya kanga wakalowea huku, na kwao mteja hafukuzwi kwa mdomo. Akatoka nyuma ya kaunta, akawafutia viti kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Samahani, dada. Samahani, kaka. Mvua hii inatutia ujinga. Karibuni mkae."

Tusekile alikaa, akausogeza mwavuli mlangoni usichuruzike kwenye vitu vya watu. Samahani aliipokea, lakini roho ilimuuma. Mwezi ule alikuwa amekwisha kudharauliwa vya kutosha.

Kazi yake ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu. Kyela mtu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijashushwa, maisha yake husomwa mbele ya wote: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto gani, mmoja mmoja kwa jina. Tusekile alikuwa akienda msibani na kompyuta yake mgongoni, anakaa mkekani na wanawake, anauliza, anachapa, anaprinti, anamkabidhi msomaji. Alikuwa na jina zuri kwa kazi hiyo. Kisha kwenye msiba mmoja jenereta likazimika, na kwa kuwa betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa zamani, yote aliyoandika yakapotea. Msomaji akasema ya kichwani, akamruka mtoto mmoja. Mtoto mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, alisimama mbele ya kaburi la mama yake akauliza, "Na mimi ni wa nani?" Lawama zote akabebeshwa Tusekile, na tangu siku ile hakuna aliyempigia tena kumwita kazini.

Sasa alikuwa na nafasi ya kununua mashine moja tu. Akikosea kuchagua, kazi imekwisha, anarudi kupalilia mpunga na midomo ya watu juu yake.

Zubery aliweka mbili mezani. Moja ilikuwa nene, nyeusi, imetumika ofisini huko nje ya nchi ikasafishwa na kuletwa. Ya pili ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, mpya, na kingo zake zilikuwa nyororo hata mtu akatamani kuzipapasa bila sababu. Tusekile akaiinua kwa mkono mmoja.

"Ndani mna kitu?" aliuliza Asajile.

Zubery akacheka. "Kila kitu kimo, kaka. Haina hata feni, ndiyo maana haipigi kelele. Ukiichaji usiku, kesho unachapa kutwa nzima bila waya. Kioo chake kinasomeka hata nje mchana. Huo ndio uzuri wake. Sasa niwaambie na ubaya, maana mimi siuzi ili mtu arudi kunitukana. Matundu yake ni haya mawili tu, madogo. Flashi haiingii, waya wa printa hauingii, mpaka uwe na kiunganishi, na viunganishi vimeniishia. Vinakuja na mzigo wa Jumatatu."

"Ikiharibika?"

"Hii nene, fundi yeyote hapa mjini anaifungua kwa bisibisi. Ile nyembamba hata mimi siifungui. Betri imegandishwa kwa gundi, kumbukumbu imechomelewa humo humo. Ilivyo leo ndivyo utakavyozeeka nayo. Ikigoma ni Mbeya, na Mbeya nao wataipeleka Dar." Akasita kidogo. "Na jingine, dada. Mnalima mpunga?"

"Nani halimi?"

"Basi punje moja ya mchele ikibaki hapa juu ya vibonye, ukafunga bila kuiona, kioo kinapasuka. Nina mteja Matema, mwenye vyumba vya wageni. Alikula wali huku anafanya hesabu zake, akamaliza, akafunga. Kwisha habari."

Bei ya ile nyembamba ilikuwa kakao yao yote ya msimu ule. Ile nene ilikuwa theluthi tu, na Asajile hakuhitaji kalamu kujua kwamba chenji yake ingetosha kuanzia pikipiki. Kwa miaka mingi alikuwa akisukuma kakao kwenye baiskeli hadi mnadani, na magoti yalikuwa yameanza kumwambia ukweli. Alitazama tu ile nyeusi kwa huruma, kama vile ndiyo inayoonewa.

Zubery aliona mume anatazama huku na mke kule. Huenda pia lile neno la dirisha la nyuma lilikuwa bado linamkaa kooni. "Fanyeni hivi," akasema. "Pesa iacheni kwangu, nyembamba nendeni nayo. Jumatatu mkiona haifai, nirudishieni bila mkwaruzo, mchukue nene na chenji yenu. Ikiwa na mkwaruzo, ni yenu."

* * *

Nyumbani Ndandalo, jioni, laptopu iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe cha kufunikia keki za ubarikio wa kanisani. Eliud, kaka yake Asajile, mwalimu wa sekondari, aliizunguka mikono ikiwa nyuma, kama anavyozunguka wanafunzi wakati wa mtihani.

"Shemeji, hiki ni kitu cha wakurugenzi," alisema. "Wanakwenda nacho mkutanoni, wanakifungua, wanakifunga, wanapewa maji ya chupa. Wewe unakwenda nacho matangani."

"Matangani ndiko ofisini kwangu."

"Sawa. Printa utaichomeka wapi?"

"Kiunganishi kinakuja Jumatatu."

"Na siku ukikisahau nyumbani?"

"Na siku nikiisahau miguu nyumbani?"

Eliud akacheka, lakini hakuachia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na laptopu nene ya shule iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi hata skrubu mbili zilikuwa za redio, na bado inafanya kazi. Kwake kifaa kisichofunguka ni kifaa ulichokodishiwa. "Hapa ni Kyela, shemeji. Joto, unyevu, vumbi la pumba, mafuriko. Nunua kitu ambacho fundi anaweza kukitukana na kukirekebisha."

"Ile nene betri yake inakaa saa mbili," alisema Tusekile. "Baada ya hapo nakaa namtazama mwenye jenereta usoni. Ndiyo ileile iliyoniua, shemeji, tofauti ni kwamba hii haijaniua bado."

Nje pakasikika kikohozi. Tusekile akainuka mara moja, akavuta kanga kichwani, akatokea mlango wa jikoni. Baba mkwe wake, Mzee Yohana, alikuwa anakuja.

Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba wa mumewe, wala hawasemeshani. Wengi wamekwisha kuiacha, wachungaji wameikemea weee, na vijana wanaicheka, lakini nyumba ya Mzee Yohana haikuiacha. Walikaa kiwanja kimoja, wakala mchele wa shamba moja, na Tusekile akimwona njiani alikata kupitia migombani. Mzee alimheshimu sana, kila mtu alilijua hilo. Ila tangu aolewe, Tusekile hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Alikuwa "mwenzako" kwa Asajile na "mama wa watoto" kwa wengine, na wakati mwingine, akimenya ndizi peke yake, lilimuuma.

Kupitia ukuta wa jikoni alisikia mzee anaulizia kile kinachong'aa mezani, kisha sauti yake nzito: "Ni chepesi. Kikianguka?"

"Kinaharibika, tata," Eliud alimjibu baba yake upesi.

"Mm," alisema mzee, akaondoka. Usiku ule Tusekile aliitafsiri ile "mm" kila namna na zote zilikuwa mbaya.

"Sikufichi," Asajile alimwambia walipolala, "mimi nilikwisha kujiona juu ya pikipiki."

"Najua. Juzi usingizini ulikuwa unatia gia."

Wakacheka wote wawili, lakini hakuna aliyekubali kushindwa. Wakalala hivyo, laptopu ikiwa katikati yao kwenye ala yake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipoaminika.

* * *

Asubuhi Maria, dada yake Asajile aliyeolewa Talatala, alipiga simu akilia. Shangazi yao, Bibi Tuntufye, dada mkubwa wa Mzee Yohana, alikuwa amefariki alfajiri. Mazishi yangekuwa kesho yake. Na wasifu angeuandika nani?

"Wa kwetu yupo," Maria alisema. "Mwambie wifi aje na hicho kitu chake."

Asajile alisita. Laptopu ilikuwa bado ya Zubery. Mvua, matope, watu, moshi, na mwisho wake hata mkwaruzo mmoja ungekula pikipiki yote. Alimtazama mkewe akifunga ala kwa mfuko wa nailoni, kisha mfuko wa pili.

"Kama itaharibika msibani, basi haikuwa ya kwangu," alisema Tusekile. "Sasa niijaribie wapi, Asajile? Kitandani?"

Talatala walikuta kiwanja kimejaa. Wanaume walikuwa kwenye mabenchi chini ya turubai, upande wa migomba. Wanawake walikuwa barazani na ndani, wengine wanalia, wengine wanachambua mchele kwenye nyungo, maana waombolezaji lazima wale. Tusekile alipewa pembe ya mkeka. Hakuwa amefungua hata zipu aliposikia nyuma yake mwanamke anamwambia mwenzake, bila kujisumbua kupunguza sauti, "Si ndiye yule aliyemruka mtoto wa watu kaburini?"

"Ndiye huyohuyo," alisema Maria, akigeuka na ndoo mkononi. "Na leo ataandika. Mwenye neno ampelekee tata Yohana pale nje."

Tusekile alifungua laptopu, akaanza kuuliza, na kazi ikamshika. Vibonye vyake vilikuwa laini, havikupiga kelele, hata mama mmoja aliyekuwa anasimulia akiwa amefumba macho alipoyafumbua alishtuka kuona maneno yake yamekwisha kuwapo. Hakukuwa na waya wa kurukwa na watoto. Alipotaka kumhoji bibi kizee aliyelala chumbani, aliiinua laptopu kwa mkono mmoja akaingia nayo kama sinia. Kila mara aliipangusa kwa ncha ya kanga, na hakuifunga hata kidogo, kwa sababu punje za mchele zilikuwa zinaruka kutoka kwenye nyungo kila upande.

Watoto wa marehemu alitajiwa watano, mkubwa akiwa Prisca, mwenye sehemu ya kuoshea magari mjini, aliyekuwa amekaa karibu yake na ungo mapajani, maana hakutaka mikono yake ikae bure. Lakini miaka haikukubaliana. Bibi Tuntufye aliondoka kwao msichana, akaonekana Talatala mwanamke mzima. Katikati palikuwa na shimo, na wanawake wa mkekani wote walikuwa wadogo kuliko shimo hilo. Bibi kizee wa chumbani alilikwepa swali, na mwingine aliyeweza kujua alikuwa kaka wa marehemu tu, kule nje.

Hapo ndipo kazi hii huwa inaharibikia. Mwandishi akiwa mkwe, hawezi kwenda kwa mzee. Anatumwa mtu, mtu anauliza, anajibiwa, anarudi, na maneno yanapungua njiani kama maziwa kwenye kibuyu kinachovuja. Tusekile aliona hilo likianza kutokea tena. Kisha akaitazama ile mashine magotini.

"Wifi," alimwambia Maria, "mpelekee aisome mwenyewe. Wazi hivi hivi."

"Mimi? Hiki kitu cha watu? Kikinianguka?"

"Kina uzito gani? Umebeba ndoo ya maji sasa hivi."

Maria akaipokea kwa mikono miwili, akavuka kiwanja polepole, mwanamke mwingine akimfuata na mwavuli, hata watu wakadhani ni sadaka inapita. Mzee Yohana alivaa miwani. Aliisoma yote tangu juu, midomo ikitikisika, na benchi zima likamsubiri. Alipofika kwenye majina ya watoto, alikoma kusoma.

Sasa, Mzee Yohana aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika, enzi za mashine ya chapa ya chuma, ile ambayo usipoigonga kwa nguvu haiandiki. Aliiweka laptopu magotini, akanyoosha vidole viwili, akaanza kuishindilia.

"Tata, polepole!" Maria alipiga kelele. "Bado si yetu!"

Wanaume wakacheka, msibani hivyo hivyo, na mzee mwenyewe akatabasamu kidogo, lakini hakupunguza. Laptopu iliporudi mkekani, juu ya yale majina matano palikuwa na maneno kwa herufi kubwa: MTOTO WA KWANZA NI JACKSON WA MATEMA. YUPO HAPA.

Tusekile aliyasoma kwa sauti. Bibi kizee wa chumbani akasema, kutoka mlangoni, kwamba ni kweli, Tuntufye aliolewa kwanza Matema na mvuvi wa kabila la Wakisi, mume akafa maji, wakwe wakamchukua mtoto, na yeye akaja kuolewa Talatala akiwa mjane kijana. Marehemu hakupenda kulizungumza. Shingo zikageukia kwenye turubai. Mwisho wa benchi la mwisho, nusu yake ikinyeshewa, alikuwa amekaa mwanamume mwenye kofia ya sufu ambaye tangu asubuhi hakuna aliyempa chai.

"Huyo sisi hatumjui," alisema Prisca. Haikuwa hasira peke yake. Mtu ukiwa mkubwa wa nyumba tangu uzaliwe, kuambiwa siku ya kumzika mama kwamba wewe ni wa pili, si jambo dogo. "Usimwandike."

"Dada, pole sana," alisema Tusekile. "Lakini mimi siandiki wanaojulikana. Naandika waliozaliwa."

"Ukimwandika, sikulipi."

"Basi usinilipe."

Prisca aliinuka kwa ghafla, ungo ukampinduka mapajani, na mchele wote ukamwagika juu ya laptopu. Maria, kwa kutaka kuiokoa, akakishika kioo aifunge.

"Usifunge!" Tusekile alipiga kelele ambayo hata wanaume waliisikia.

Aliiinua kwa mkono mmoja, akaigeuza kifudifudi hewani, punje zikamwagika kama mvua. Akaitikisa taratibu. Akaigeuza tena, akapuliza, akainamisha macho usawa wa vibonye. Punje moja ilikuwa imejibana pembeni, nyeupe, ndefu, mchele mzuri kabisa wa Kyela. Akaitoa kwa pini ya nywele. Prisca alikuwa amesimama akitazama mchele wa msiba wa mama yake ulivyotapakaa chini, na akaanza kulia. Tusekile aliiweka laptopu kando akamshika, akamwacha alie begani mwake mpaka atosheke. Kisha akarudi kuandika. Jackson alimweka wa kwanza.

Laptopu ilivuka kiwanja mara nyingine nyingi mchana ule. Tusekile aliandika swali, mzee akashindilia jibu. Jina la mume wa kwanza. Mwaka wa njaa. Jina la kanisa alikobatizwa. Mkwe na baba mkwe, kila mmoja upande wake, bila kuonana nyuso, walimjenga Bibi Tuntufye pamoja tangu utoto hadi jana yake, na jioni betri ilikuwa bado na zaidi ya nusu.

* * *

Siku ya mazishi, Eliud ndiye aliyepangwa kusoma. Alifika kwa shemeji yake amevaa tai, mkono umenyooshwa.

"Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi. Printa haiingii."

"Nilisema," alisema Eliud, na alistahili kusema. "Nilisema haina matundu. Sasa nisome nini, hewa?"

"Soma humu humu. Ukitaka kushuka chini, telezesha kidole hapa."

Mchungaji aliwakazia macho, muda ulikuwa umekwenda. Eliud akaichukua laptopu huku anang'aka, akasimama kando ya kaburi, akaishika kwa kiganja kimoja kama kitabu cha nyimbo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na Asajile akamshikia mwavuli, ingawa kwa kweli alimshikia laptopu, bega lote la Eliud likalowa. Mwanga wa kioo ulikuwa unatosha. Mwanzoni Eliud alitafutatafuta mistari, kisha akazoea, na sauti yake ya darasani ikapanda.

"Marehemu ameacha watoto sita," alisoma. "Wa kwanza ni Jackson, wa Matema."

Yule mwanamume mwenye kofia ya sufu alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alivua kofia, akakosa pa kuiweka, akaishika kifuani kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila kujificha. Watu walisogea, na kwa kusogea kwao njia ikafunguka mpaka mbele walikosimama wale watano. Prisca hakumkumbatia. Alisogea hatua moja kando, akampisha nafasi ya mkubwa.

Tusekile aliona yote kutoka upande wa wanawake, na akajua, kama mtu anavyojua kwamba ameshiba, kwamba kazi yake imerudi. Hata kabla kaburi halijafukiwa vizuri, mama mmoja kutoka Matema alikuwa amemvuta kanga kuomba namba yake ya simu. Babu yao ni mgonjwa sana, alisema, hawamwombei mabaya, ila ni vizuri kujiandaa.

Baada ya chakula, Asajile aliichukua laptopu akaenda nayo barazani penye mwanga. Aliikagua juu, chini, kingo zote, akaipangusa kwa shati lake la ndani.

"Haina hata mkwaruzo," alisema, na hakujua kama anafurahi au anasikitika. "Tunaweza kuirudisha Jumatatu bila neno. Nene, na chenji."

"Tunaweza," alisema Tusekile.

"Eliud hakukosea. Ikigoma, ni Dar."

"Hakukosea hata kimoja. Na mimi ni mke wako, pesa ni ya kakao uliyoisukuma wewe. Ukisema turudishe, nitarudisha, sitanuna. Lakini niulize ninachotaka."

Asajile hakupata nafasi ya kuuliza. Maria alikuwa anakuja, amejitanda, amechoka, viatu mkononi.

"Tata anaitaka tena hiyo mashine."

"Kuna kosa?" aliuliza Tusekile. "Nimekosea nini?"

"Mimi nitajua? Amesema lete."

Ilikwenda, ikakaa. Kutoka barazani walisikia vidole viwili vikigonga na kunyamaza, vikigonga na kunyamaza. Asajile alifumba macho kila kipigo. Hatimaye Maria alirudi nayo, akaiweka mapajani mwa wifi yake bila maneno, na hilo peke yake lilitisha, kwa sababu Maria hakosi maneno.

Chini ya wasifu wa Bibi Tuntufye, mzee alikuwa ameacha nafasi kubwa, kisha ameandika:

TUSEKILE MWANANGU. NIMESOMA YOTE HAKUNA KOSA. DADA YANGU AMEZIKWA AKIWA KAMILI. SIKU YANGU IKIFIKA UNIANDIKE WEWE. MASHINE HII ISIRUDI DUKANI. NDAGA FIJO.

Tusekile alisoma mpaka ile asante sana ya Kinyakyusa ya mwisho, akarudi juu kwenye jina lake mwenyewe, akalisoma tena. Machozi yalimjaa akayaacha yashuke, ila aliisogeza laptopu mbali yasidondokee vibonye. Asajile alisoma juu ya bega lake.

"Basi na pikipiki tumeizika leo," alisema, akamshika mkewe mkono, na akaona kwamba hakuwa na uchungu kama alivyotegemea.

Pale nje, chini ya turubai, Mzee Yohana alikuwa amekaa peke yake, amewapa mgongo kama mila inavyotaka, anasubiri. Tusekile alipangusa vidole kwenye kanga. Akaandika chini ya maneno ya mzee, kwa herufi kubwa vilevile ili asisumbuke na miwani:

NDIYO TATA. LAKINI TUSISUBIRI SIKU HIYO. TUANZE LEO UKIWA UNAWEZA KUNISAHIHISHA. ULIZALIWA WAPI?

"Mimi sasa nimekuwa posta," alisema Maria. Akavuta pumzi, akaibeba laptopu kwa mikono miwili, akaanza kuvuka kiwanja.